Pini ya Nne

Nilipokuwa mtoto, siku za mnada kazi yangu haikuwa kuuza wala kubeba. Kazi yangu ilikuwa kushika kanga. Mama alipanga nyanya zake chini, juu ya turubai, karibu na njia ya kupitishia ng'ombe. Mdogo wangu Shija akitaka kunyonya, mimi nilisimama mbele yao na kuinua kanga kama pazia, ili jicho la mtu lisifike kwenye ziwa.

Kabla ya Shija, mama alizaa pacha, na wote wawili walikufa hawajajua hata kukaa. Kwetu Wasukuma mtoto anayefuata pacha huitwa Shija, kwa hiyo kumwita jina lake tu kulikuwa kuwakumbuka wale wawili. Bibi, mama yake baba, alisema waliuawa na jicho. Mama aliwanyonyesha mchana kweupe mbele za watu, na mwenye jicho akatazama. "Ziwa likitazamwa na jicho jekundu," alikuwa akisema, "maziwa yanageuka humo humo ndani. Mtoto ananyonya huku analegea." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza namna ya kukausha viazi.

Asubuhi ya siku ninayoikumbuka, bibi mwenyewe ndiye aliyemfunga mama nguo. Kitenge chini, kanga juu yake, na pini tatu: begani, kifuani, ubavuni. Kanga ya pili akanipa mimi. "Minza," aliniambia, "ukiona upenyo, ziba." Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa mtoto wa kubishana na bibi.

Mnada wetu ulikuwa upande wa Masumbwe. Mvua zilikuwa bado, na jua la saa sita lilichoma hadi mbuzi wakawa wanagombea kivuli cha matairi ya malori. Hatua tatu kutoka kwetu alikaa mwanamke mzee tuliyemwita Bibi Holo, na ungo wake wa matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Leo najua ulikuwa moshi tu. Kuni zilimshinda kuzipata, akawa anachemsha viazi kwa mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Lakini alikuwa mjane, alikaa peke yake, na kwetu mwanamke wa namna hiyo akiwa na macho mekundu huitwa mchawi, hakai kwa amani. Walikuwepo waliokatwa mapanga kwa neno moja la jirani. Sisi watoto tulilijua hilo, kwa sababu watu wazima walinong'ona wakidhani tumelala.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia, nikitazama miguu yake.

"Marahaba mjukuu wangu. Jua la leo lina hasira."

Mama alipomtia Shija chini ya kitenge nami nikainua kanga yangu, Bibi Holo alitutazama kwa muda. "Mama Minza," alisema, "mwachie mtoto hewa kidogo."

"Asante mayu, amezoea," mama alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. Kisha akaninong'oneza, "Ziba."

Upenyo ulikuwepo, chini ya kwapa, na pini za bibi zilikuwa zimekwisha. Gauni langu lilikuwa limekatika kifungo cha begani, nikawa nalishikiza kwa pini. Nikaichomoa. Bega la gauni likaanguka, sikujali. Nikavuta kitenge na kanga ya juu, nikavibana pamoja kwa nguvu zangu zote, pasibaki hata pa kupita inzi. Kisha nikarudi kusimama na pazia langu. Nilijisikia mkubwa.

Akaja mteja wa mama, mwanamke mnene aliyekuwa akipika wali pale pale mnadani. "Mama Minza, nyanya zako leo zimekonda kama mume wako aliyeko machimboni."

"Hizi zimekonda lakini zina mchuzi," mama alisema. "Yule hata mchuzi hana."

Wakacheka, wakaanza kuchagua. Mimi nilikuwa naangalia mguu wa Shija uliotokeza chini ya kitenge. Ulipiga teke, ukapiga tena, kisha ukapiga polepole. Ukatulia. Nikashukuru moyoni, maana akilala mikono yangu ingepumzika.

Bibi Holo aliinuka ghafla, ungo wake ukapinduka, matobolwa yakamwagika kwenye vumbi. Alinisukuma, akashika nguo za mama na kuzirarua. Pini moja ilikataa, akaivuta mpaka kitenge kikachanika. Shija alitoka amelowa jasho, mwekundu, macho nusu wazi, shingo haina nguvu. Bibi Holo alikaa chini akampakata kwenye kivuli cha mwili wake, akammiminia maji ya kidumu chake kichwani na kifuani, akampepea kwa ule ungo, akampulizia usoni. Mama alisimama ziwa likiwa nje.

Nyuma yetu mtu akasema, "Kamlegeza."

Alisema neno hilo moja tu. Shija alipoanza kulia, kilio chembamba kama cha paka, duara la watu lilikuwa limekwisha kufunga, na Bibi Holo alikuwa katikati yake.

Kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vyetu, alipita kwenye watu na fimbo yake, filimbi shingoni. Mama alikwisha kumpokea Shija. Kamanda hakumuuliza mama wala Bibi Holo. Aliniuliza mimi.

"Wewe binti, ndiye ulikuwa umeshika nguo?"

"Ndiyo."

"Huyu bibi alimtazama mtoto lini? Kabla hajalegea au baada ya kulegea?"

Neno pini lilikuwa mdomoni mwangu. Nakumbuka hata uzito wake. Lakini nilielewa, kwa akili ile ya miaka tisa, kwamba kama si jicho, basi ni mimi.

"Kabla," nikasema.

"Mtoto hasemi uongo," alisema mtu. Fimbo zikasogea. Nilimwona mwanamume mmoja akivua saa yake ya mkononi na kuitia mfukoni, taratibu, kama mtu anayejiandaa kunawa. Mpaka leo tendo lile dogo linanitisha kuliko fimbo zote.

Mama alikuwa akipapasa kitenge chake pale kilipochanika. Akachomoa kitu, akakifumbata. Kisha alinitazama. Alitazama bega langu, gauni lililoanguka, akalitazama kwa muda mrefu. Akaingia katikati ya duara, akakaa vumbini mbele ya Bibi Holo, goti kwa goti, akaiacha kanga ianguke yote na kumpa Shija ziwa.

"Mtazame, mayu," alisema. "Mtazame mpaka ashibe."

Bibi Holo alifumba macho. "Usinitie majaribuni, mwanangu."

"Fumbua. Ukifumba watasema."

Akafumbua. Shija alilikataa ziwa, akalia, akalikataa tena. Kisha akalishika, akavuta, akameza, tulisikia akimeza. Watu wanaonisikia nikisimulia hudhani mama hakuamini mambo ya jicho. Aliamini. Alikwisha kuzika wawili. Alichokuwa nacho siku ile ni shaka tu, ndogo kama pini, na juu yake aliuweka uhai wa Shija ili Bibi Holo asife.

Akambadilisha ziwa. Shija alinyonya la pili mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo.

"Haya, amecheua," alisema yule mpishi wa wali. "Naomba nipite kwenye nyanya zangu. Nina watu wana njaa." Akawapenya wanaume kwa ule mwili wake, akawavuruga, duara likakosa umbo. Siku ile nilimwona mtu asiye na haya. Sasa najua alifanya makusudi.

"Tawanyikeni," kamanda alisema. Yule wa saa akaivaa tena.

Nilimsaidia Bibi Holo kuokota matobolwa. Alichagua mawili, akayapuliza vumbi, akayafuta kwa kanga yake na kuyaweka kiganjani mwangu. "Kula mjukuu." Naye alikuwa amelisikia "kabla" langu kama walivyolisikia wengine. Hakukaa tena karibu na mtu mwenye mtoto. Kabla ya masika alihamia kwa kaka yake, upande wa Chato, hatukumwona tena.

Njiani kurudi nyumbani mama alisimama, akafumbua kiganja, akanibania gauni begani kwa ile pini. "Bibi yako asijue," alisema. Basi. Bibi alikufa akisimulia kwamba onyo lake lilitimia, na kwamba aliyelitupa jicho ndiye aliyeliondoa. Sikumsahihisha.

Siku hizi naishi Geita, na mwanangu ana miezi saba. Nanyonyesha popote anapolia, stendi, dukani, benchi la nyuma kanisani. Wanawake walionizidi umri hunitupia kanga kwa upendo. Nawashukuru, kisha nainua upindo niione pua yake. Sijawa jasiri. Akikaa mbele yangu mama mwenye macho mekundu, mkono wangu unavuta kanga kabla sijafikiri, na naona aibu juu ya mkono huo.

Juzi kliniki alikaa mmoja mkabala nami. Nilipofungua kifua, yeye mwenyewe akageuza uso ukutani, bila kuombwa, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo maisha yake yote.

"Shikamoo bibi," nikamwambia. "Mtazame tu."

Alinitazama mimi kwanza, kuhakikisha. Ndipo akamtazama mtoto. Nilimwacha atazame mpaka aliposhiba.