Maji Safi ya Mzee Ndunguru

Kwa miaka thelathini na mmoja Polikarp Ndunguru aliua vijidudu kwa niaba ya watu wa Songea. Alikuwa mtu wa maabara kwenye mtambo wa maji, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo. Alistaafu na cheti, saa ya ukutani, na harufu ya klorini iliyogoma kutoka vidoleni. Mkewe Benigna alikuwa akisema hayo ndiyo manukato pekee aliyowahi kuletewa.

Benigna alifariki mwaka juzi. Tangu hapo nyumba yao ya Bombambili ilizidi kuwa safi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumwaga unga jikoni. Mzee alideki asubuhi, akadeki jioni, na katikati alikaa akitazama sakafu ikikauka. Hata mende walihama.

Binti yake Domina, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyemletea kwa basi tangi la kioo, pampu ndogo yenye chujio la sponji, na samaki wanane wa rangi ya machungwa.

"Baba, sitaki uwe unaingia ndani na hakuna kinachopumua," alimwambia kabla ya kuondoka.

Mzee aliyaacha maji ya bomba yakae usiku mzima ili klorini iondoke, na hilo alilifanya kwa majonzi kidogo. Kesho yake akawatia samaki wote wanane kwa mpigo. Maji yalikuwa safi hata ungeweza kusoma gazeti ng'ambo ya tangi.

Jioni alikuja Sharifa, mwanamke wa Tunduru anayeuza korosho sokoni, rafiki wa marehemu.

"Baba Domina, hawa wamekula?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Wageni wametoka Dodoma, unawalisha mara moja kama wafungwa?" Akamega tonge la ugali lililokuwa mezani, akawamwagia. "Kuleni, wanangu. Huyu ndivyo alivyo."

Na kila aliyefika kuwatazama alifanya hivyo hivyo, maana katika mji huu mgeni hatazamwi tu.

Siku ya nne samaki walipanda juu wakihema. Mzee akateka maji kidogo kwenye kipimo, akayadondoshea matone ya dawa. Yangebaki ya njano kama yangekuwa salama. Yakawa ya kijani kilichokolea. Amonia. Kinyesi cha samaki na ugali wa Sharifa vilikuwa vimegeuka sumu isiyoonekana.

Mzee alimfahamu adui huyo. Alimwaga maji yote, akaosha changarawe punje kwa punje, akachemsha sponji kama anavyochemsha nepi mama mwenye mtoto wa kwanza, akaianika juani. Siku mbili kipimo kilikuwa njano. Ya tatu kilirudi kijani, na samaki mmoja akaelea ubavu. Akasafisha tena, kwa ukali zaidi. Wakafa wawili.

Katika wiki tatu alisafisha mara tano, akazika samaki saba chini ya mparachichi. Domina alipopiga simu kuuliza hali zao, baba yake alijibu, "Wanaendelea." Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuandika jibu la uongo la maabara.

Aliyebaki alikuwa mdogo, mkia umepasuka. Asubuhi moja mzee alijikuta amesimama mbele ya kioo akimsalimu kwa Kimatengo, salamu ile ile aliyokuwa akimpa Benigna. Alitazama nyuma kama kuna aliyesikia. Halafu akavaa viatu.

Alikwenda njia ya Peramiho, kwa Pankrasi Gama, anayefuga sato. Safari hiyo ilikuwa ngumu. Pankrasi alikuwa mlinzi wa mtambo, na kwa miaka kumi na miwili Ndunguru alikuwa akimfukuza maabarani kwa sababu ya matope ya viatu vyake.

"Bosi!" Pankrasi alipaza sauti kutoka bwawani. "Nivue viatu, au hapa naruhusiwa?"

Mzee alieleza yote. Pankrasi alisikiliza huku akifuta mikono kwenye suruali, jambo lililomtesa mgeni wake.

"Kuna wadudu wanaokula hiyo sumu," alisema. "Wanakaa kwenye utelezi, kwenye changarawe, kwenye sponji. Wewe kila wiki unawachemsha."

"Bakteria najua mimi."

"Unajua kuwaua. Mmatengo mzima wa Mbinga, mimi Mngoni ndiye wa kukufundisha? Kwenu kule kwenye mashimo ya ngolo, mama yako alifyeka majani akayafukia. Yakiwa bado hayajaoza, alipanda nini?"

"Maharage."

"Na mahindi?"

Mahindi yalingoja msimu wa pili, majani yakishaoza. Utoto wake wote alilima mashimo yale mlimani, na alisoma kwa bidii ili asiyaone tena.

Pankrasi alifunua pipa la kuchujia maji ya vifaranga vya sato, akatoa kipande cha godoro kuukuu, cha kahawia, kinachoteleza kama bamia. "Tangi nalo ni shamba, lipe muda. Wadudu wale wamejaa humu; weka kando ya pampu. Punguza maji robo tu, usimwage yote. Lisha kidogo. Na hiyo mikono yako, bosi, ikalie."

Mzee alirudi mjini na kile kipande kikiwa kibichi ndani ya ndoo, akikibeba kama ekaristi. Maji yalichafuka kwa siku tatu. Alikaa, mikono chini ya mapaja. Sharifa alipofika na tonge, alikuta karatasi imebandikwa kwenye kioo: WAMESHIBA.

"Wameshiba wangapi?" aliuliza.

"Mmoja."

Sharifa alitazama tangi, akamtazama yeye, akalila tonge mwenyewe.

Wiki ya tatu kipimo kilibaki njano. Pankrasi alikuja kukagua, akasimama mlangoni akiinama kufungua kamba za viatu.

"Ingia hivyo hivyo," mzee alisema.

Aliingia hivyo hivyo. Alipoondoka, matope yalikuwa yamechora njia kutoka mlangoni hadi kwenye tangi, na mzee alikuwa ameshashika dekio kabla geti halijafungwa. Alideki kwa bidii yake yote, mpaka mguuni pa meza ya tangi. Hapo alisimama. Ndani, samaki mwenye mkia uliopasuka alikuwa akidonoa utelezi wa kijani uliotanda kwenye kioo. Kioo kilikuwa kichafu kweli. Mzee aliliegemeza dekio ukutani, akavuta kiti, akamsalimu.