Nani Anapalilia Migomba ya Mama Mdogo

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na malori ya wachuuzi yalipoanza kuingia kijijini kwetu Kyimo kununua ndizi hadi mashambani, mama mdogo wangu aliinuka kimaisha ghafla. Mjane, mgongo mbovu, anaishi peke yake, na bado chini ya migomba yake hukuona jani la magugu. Jembe hakuna aliyewahi kumwona nalo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana misukule, wafu waliofufuliwa kichawi wamlimie.

Jirani yake alikuwa amemzika mwanawe mvua za mwaka huo huo. Ndiye aliyeitisha kikao, mama mdogo afukuzwe kijijini. Mimi nilikuwa likizo kutoka seminari, mwaka mzima nimesomeshwa mantiki, mdomo unaniwasha. Nikaenda, tena kwa hasira.

Jirani alisema polepole, "Kila mwenye misukule, shamba lake hulimika bila yeye kuonekana. La huyu mama linalimika, yeye haonekani. Basi anayo. Na mmoja wao ni mwanangu."

Watu wakaguna. Nikasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kila mbuzi ana miguu minne, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na ng'ombe wako?"

"Minne."

"Haya, basi naye ni mbuzi! Tumchinje, tunywe supu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaeleza kwamba vitu viwili kufanana kwa jambo moja hakuvifanyi kuwa kitu kimoja. Hata anayeamka alfajiri kulima haonekani. Mwenyekiti akakata shauri, mama abaki kwake. Yule baba alikaa, akawa anaangalia mikono yake. Nilimwonea huruma, lakini jamani, ushindi ni mtamu.

Kesho yake ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Tulikuwa tunakunywa chai, nikamtania mama mdogo, "Haya, mimi wakili wako. Niambie basi, unapalilia saa ngapi?"

Hakucheka.

"Jana ulisema maneno yao hayashikamani, mwanangu. Hukusema mimi sina misukule."

Nikaweka kikombe chini. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Hoja mbovu inaweza kabisa kuangukia kwenye ukweli, na hilo nalo nilifundishwa, ila kikaoni sikulikumbuka.

Hapo tukamsikia jirani, ukingoni mwa migomba, akiita jina la utotoni la mwanawe. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto aje kula. Nikainuka nitoke, mama mdogo akanishika mkono.

"Mwache aite. Mwanawe hawezi kuitika."

Mungu wangu, niliogopa. Maiti haitiki. Na msukule, wanasema kwetu, hukatwa ulimi, naye haitiki. Nilitega sikio kwenye migomba, na kimya nilichokisikia kingeweza kuwa cha maiti, au cha msukule. Mantiki yangu yote haikuwa na la kuniambia.

Nje, yule baba aliita tena, akasubiri.