Joho Lililofumuliwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Joho. Alikuwa fundi cherehani asiyejua kusoma hata maandishi ya kwenye cherehani yake, lakini vitabu vya katuni alivyoachiwa na marehemu kaka yake alivijua ukurasa kwa ukurasa, maana picha hazidai shule. Humo ndimo alimomjua shujaa wa joho jekundu: anawatwanga majambazi mpaka wanalala chali, kisha anawapa mkono wainuke. Hakuwahi kumpiga aliyeanguka, hata mara moja.

Kwa hilo alimpenda. Yeye mwenyewe alipougua akalala miezi mitatu, mumewe alibadilisha kufuli la duka lao na kumweka ndani fundi mwingine, mbichi, kiuno cha nyigu. Mama Joho akaanza upya kibarazani kwa mdogo wake. Kwa vitambaa vilivyobaki aliwashonea watoto majoho yenye nyota mgongoni, kwa sharti moja: kabla ya kuvaa, mtoto aape, "Sipigi aliyeanguka."

Jumamosi moja binti wa mdogo wake, aliyeitwa Kiroboto kwa kutotulia, alirudi kutoka kutazama filamu mpya ya shujaa huyo. Hata nusu saa haikupita, kilio. Mama Joho akachungulia juu ya miwani: mtoto wa jirani yuko chini kifudifudi, Kiroboto kamkanyaga mgongoni, joho linapepea.

"We mtoto! Lete hilo joho."

"Mama mkubwa, hata shujaa kafanya hivyo! Adui kapiga magoti, yeye kamsukuma kutoka ghorofani. Watu wote wakapiga makofi!"

Mama Joho akasimamisha cherehani. "Kapiga magoti, halafu akamsukuma?"

"Alikuwa na hasira. Walimchomea nyumba."

"Hasira! Ningekuwa nasukuma watu kwa hasira mimi, baba yako mkubwa angekuwa hai?"

Akachukua wembe, akafumua nyota ya mgongoni mshono kwa mshono, taratibu, kama anayeosha kidonda. Kiroboto alilia mpaka kwikwi. Kisha akatoka, akamshika mwenzake mkono, akamwinua, akamfuta vumbi kwa gauni lake mwenyewe.

Mama Joho akajifanya hajaona. Akatunga uzi kwenye sindano. Ulikataa mara mbili, macho yalishajaa maji. Akaanza kuirudisha nyota.

"Na yule wa kwenye filamu?" Kiroboto akauliza, kajibanza gotini pake.

"Mwambie naye alete joho lake. Wembe bado ninao."