Sikio la Mtamba

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne nikasukuma mkokoteni wa maji Garsen. Leo nina duka Tarasaa, lori mbili na ng'ombe sitini. Mafuriko yameniona, ukame umeniona, yote yakapita yakaniacha hapa hapa.

Basi mto ulipofurika, mtamba wangu mmoja, mwekundu mwenye kipaji cheupe, akapotea. Siku chache baadaye nikamwona Minjila katika kundi la mzee mmoja Muorma. Mwizi si huyu! Nikaenda polisi kuandikisha maelezo, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki nikaongeza, "Ng'ombe wangu nawajua mmoja mmoja, kama watoto wangu." Mzee akalala ndani siku tisa kabla watu wake hawajapata dhamana. Mtamba akazuiliwa kama kielelezo.

Siku ya kesi nilivaa koti. Mzee hakuwa na wakili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo akawekewa mkalimani. Nikacheka moyoni: huyu ataniweza wapi? Nikatoa ushahidi kama natangaza harusi, nikaanza kuteremka.

"Bado," hakimu akasema. "Mshtakiwa ana haki ya kukuuliza maswali."

"Mwizi aniulize mimi?"

"Si mwizi mpaka ithibitike. Rudi kizimbani."

Kumbe mzee alipewa nakala ya maelezo yangu mapema, binti yake akamsomea mpaka yakamkaa kichwani. Aliuliza kwa Kiorma, taratibu. Mimi Kiorma nakisikia, biashara imenifundisha, kwa hiyo jasho lilinitoka mara mbili: swali lilipotoka kwake, na lilipofika kwa mkalimani.

"Tajiri, umesema ni kama watoto wako. Huyu amekatwa alama sikio gani?"

Alama ni kazi ya wachungaji wangu. Mimi huwahesabu nikiwa juu ya lori. Nikasema, "La kushoto."

"Na mama yake yuko hai?"

"Mzee, mimi nanunua ng'ombe, siposi!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Tukatoka uani kumtazama mtamba: sikio la kulia, limepasuliwa mara mbili, kama kundi zima la mzee.

"Na mzee mbona haulizwi?" nikalalamika.

"Ana haki ya kunyamaza." Kisha hakimu akaamua mzee hana kesi ya kujibu. Aliachiwa bila kusema neno la kujitetea.

Mto ulipotulia, mtamba wangu akaonekana kwa shemeji yangu, amenenepa, masikio yote mazima. Alama yangu, kumbe, huchomwa pajani.

Nikachukua sukari kilo mbili nikaenda Minjila. Nilijua atanidai ng'ombe wa fidia. Mzee akanipa maziwa, akasubiri nimalize, ndipo akauliza swali la tatu.

"Siku tisa nilizolala ndani nilikodi mtu wa kunichungia. Alipwe na nani?"

Hilo nilijibu bila kukosea. Pamoja na bei ya sukari, nililipa shilingi elfu nne mia nane na sitini.