Hotte Inayonguruma Bila Kuvuta

Chef de labo, mkuu wetu wa maabara, aliniwekea makopo mawili ya maziwa mbele ya wenzangu.

"Kunywa, mama. Formol inaogopa maziwa."

Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba macho yananiwaka, na kwamba binti yangu wa miezi saba anageuza uso nikimpa titi. Wenzangu wakacheka kidogo, kama tunavyocheka wote chef akitoa neno. Nikayarudisha makopo juu ya meza yake.

"Chef, maziwa inaenda kwa tumbo. Mi navuta formol na pua."

Nikatoka kwenda kumwomba sentinelle, mlinzi wa getini, ngazi. Uvumilivu wangu uliishia pale.

Ninyi mnaoanza kazi hii, sikilizeni, maana huenda msipate wa kuwaambia. Mimi nilibahatika, niliambiwa siku ya kwanza kabisa. Nilifika na diploma ya sekondari na blouse nyeupe ya kazi iliyonizidi mabega, akanipokea technicien mzee. Kazi yenyewe ni hii: daktari akitoa uvimbe wa titi au wa kizazi, anautia ndani ya formol, dawa kali ya maji, usioze, unatufikia ndani ya chupa. Tunaukata vipande, vinagandishwa ndani ya nta, vinachanwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinabandikwa juu ya lame, yaani kijioo, ili chef aangalie kwa darubini kama ni kansa. Ukifungua chupa, mvuke unapanda. Ndiyo maana tunakatia ndani ya hotte, meza iliyozungushiwa vioo, yenye feni na bomba linalotoboa paa. Inatakiwa kuvuta ule mvuke kabla haujakufikia usoni na kuutupa nje.

Mzee yule alichana ukanda wa karatasi ya choo, akaubandika ukingoni mwa kioo cha mbele. Akawasha feni. Ukanda ukalala kuelekea ndani.

"Usisikilize makelele," aliniambia. "Makelele ni ya moteur. Weye angalia karatasi."

Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu. Alipostaafu akarudi kwao Dilolo, na kwetu akaja chef mpya, daktari makini. Sitamsingizia: lames anazisoma vizuri. Lakini wiki ya kwanza alibandua ukanda wetu.

"Hii ni laboratoire, hapana WC."

Tukacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo kosa langu. Feni iliendelea kunguruma, nami nikaamini mngurumo. Kiangazi kile harufu ilianza kutukaa kooni, tukasema ni joto, ni chupa nyingi, tutazoea. Nikabeba mimba, nikazaa, nikarudi kazini. Jioni moja mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwangu.

"Oga kwanza. Unanuka morgue, kama nyumba ya maiti. Mutoto anakukimbia."

Nilioga mara mbili. Mtoto akageuza uso tena.

Basi siku ile ya makopo, kabla ya kupanda, nilibandika karatasi mimi mwenyewe. Feni inanguruma, ukanda umening'inia kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo. Nikapanda ngazi mpaka juu ya paa, sketi nimeikaza kwa mkono mmoja. Mdomo wa bomba ulikuwa umevalishwa mfuko wa plastiki na kufungwa barabara kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikapiga picha kwa simu. Mvuke wote tulioambiwa unaenda nje ulikuwa unarudi kwetu.

Chef alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Shuka, mama. Ile nilifunga mi mwenyewe."

"Juu ya nini?"

"Sababu ya vumbi. Malori ya mines ikipita, vumbi inashuka kwa bomba, inaanguka mule munakatia. Siku moja nilikaribia kusoma vumbi kama kansa. Kama ule mugonjwa ni dada yako?"

"Na sisi, chef? Mapafu yetu ni ya nani?"

"Hotte iko inanguruma. Iko inatumika."

"Hata lori iliyokwama kwa matope iko inanguruma."

Sentinelle akageuka ukutani kuficha kicheko. Mikono iliniwasha kuuchana ule mfuko. Sikuuchana. Angeufunga tena kesho, na kuhusu vumbi alisema kweli. Soudeur yeyote, mchomea vyuma wa mtaa wa Musonoi, anaweza kukunja kofia ya bati, bomba likapumua na vumbi likabaki nje. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba hafundishwi na mtu wa diploma ya sekondari.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ofisi ya Ukaguzi wa Kazi, nakala tatu za barua mkononi. Karani alisoma jina la chef, akaniangalia.

"Mama, unajua huyu ni mukubwa?"

"Najua. Piga cachet."

Akagonga muhuri. Niliandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Bwana Mkaguzi, hotte ya laboratoire yetu imezibwa juu ya paa. Picha zimeambatanishwa. Chef wetu hakukusudia kutuumiza, ila mvuke haujui makusudio. Ninaomba bomba lifunguliwe na livalishwe kofia ya bati. Ninaomba asifungue mtu chupa ya formol mpaka hotte ipimwe. Ninaomba uje mwenyewe siku ya kazi, bila kutangaza, usimame tunaposimama sisi, chupa ikiwa wazi, kwa muda wa kukata titi moja. Ninatia sahihi kwa jina langu kamili. Mimi bado ni mfanyakazi wa laboratoire hii, na kesho saa moja na nusu nitakuwa kazini."