Siku Yaya Aliponyooshwa Nywele Makumbusho

Sikumpa yule mama wa Kibelgiji chanuo langu. Nilimwazima. Watu wengi wanaisimulia habari hii vibaya, hata kanisani kwetu, kwa hiyo naiandika mwenyewe ikae sawa.

Chanuo lenyewe ni la umeme, la zamani kabisa, miongoni mwa yale ya kwanza yaliyofika Lubumbashi. Marehemu mume wangu alilinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka. Nilipokuja Bruxelles mwaka 2001 nililitia kwenye mkoba, kwa sababu sanduku linaweza kupotea lakini mkoba unakaa mapajani. Lina meno ya shaba, mpini wa mti, na waya uliovikwa kitambaa kama mguu wa mgonjwa. Halina kitufe. Ukilichomeka linapata moto, ukilichomoa linapoa, basi. Kujua kama moto umezidi, unaligusisha kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi isipobadilika, ngoja. Ikiwa rangi ya chai, chapa kazi. Ikitoa moshi, lichomoe haraka, maana kinachofuata kutoa moshi ni sikio la mtu. Kwa chanuo hilo nimenyoosha vichwa vya maharusi, vya wajane, na cha mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda kortini kumshtaki mumewe. Alishinda.

Ilikuwa mwaka 2011, baridi inaondoka. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo kikuu, alimleta yule mama nyumbani kwetu Schaerbeek. Alikuwa anatengeneza maonyesho kwenye makumbusho madogo huko Laeken, ya vyombo vya kwanza vya umeme ambavyo wanawake walitumia kujipamba. Alikunywa chai, akala vitumbua vinne, nikampenda kwa hilo. Nilipomtolea chanuo, alivaa glavu nyeupe kabla ya kulishika. Glavu! Chanuo ambalo nimelifuta kwa aproni miaka arobaini. Akauliza kama anaweza kuliazima. Nikasema anaweza. Akatoa karatasi, nikatia sahihi.

Kosa lilikaa hapo, na sikatai kwamba ni langu. Kwetu kuazima kuna sheria yake. Sufuria kubwa ya matanga inaweza kukaa kwa jirani miaka miwili, hakuna anayeiuliza. Lakini siku wewe una msiba au harusi, unakwenda asubuhi, unabisha hodi, unasema, "Nimefuata sufuria," na jirani anaitoa hata kama maharagwe yanachemka ndani. Mwenye kitu akiwa na haja, mazungumzo yamekwisha. Sikujua kwamba Wabelgiji wana kuazima kwa namna nyingine, ambako kitu kinaondoka kama mfungwa, na tarehe yake ya kutoka imeandikwa.

Maonyesho hayajamaliza mwezi, haja ikaja.

Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa, ambaye sisi Wakatanga tunamwita yaya. Yaya alikuwa mjane, ana miaka sitini na minane, kiburi cha msichana wa kumi na minane, na Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho "ndiyo" yake ni "njo". Siku moja kwaya ilikuja kwetu kwa maombi. Alikuwepo papa mmoja, yaani mzee wa heshima, wa Anderlecht, naye mjane, mwenye sauti nzito inayotikisa vikombe. Ukutani tulikuwa na picha ya yaya akiwa na miaka thelathini, nywele zimenyooshwa zikalazwa nyuma, zinang'aa kama kiatu cha askari. Yule papa alisimama mbele ya picha mpaka chai yake ikapoa. Wiki iliyofuata akatuma ujumbe: anaomba kuja dimanche, yaani Jumapili, à quinze heures, kumsalimu yaya.

Salamu haiombewi ruhusa. Sote tulielewa.

"Mi sitake bwana," yaya akasema. "Bwana nilisha kuwa naye, ilitosha."

"Basi nimwambie asije."

"Nani amesema asikuye? Akuye. Lakini ile nywele aliona pa photo, njo ile atakuta. Sitake muntu aseme nilimudanganya na photo."

"Ile photo ina miaka karibu makumi ine."

"Nywele haijue miaka. Tafuta chanuo yako."

Mjukuu, ambaye sisi wawili anatuita kambo, yaani bibi, akaingilia. "Kambo, si uvae perruque tu?"

Yaya alimwangalia mpaka mtoto akajuta kuzaliwa. Wigi alikuwa nalo zamani. Upepo ulimvua wigi hilo kwenye kituo cha tram, likakimbia kando ya barabara, mbwa wa watu akalidaka na kulitikisa akidhani panya. Mwenye mbwa aliomba radhi sana. Yaya alijibu kwamba halijui lile dude lenye nywele, si lake, akapanda tram.

Jumamosi mjukuu alileta mashine yake ya mabamba mawili, yenye taa na namba kama simu. Aliminya kichwa cha yaya tangu baada ya chakula mpaka jioni. Ncha za nywele zilinyooka, lakini mizizi ilikataa kabisa, ikasimama chini yake. Yaya akawa kama mtu aliyevaa kofia ya majani juu ya msitu. Nywele za mvi ni ngumu kama wenyewe. Zinataka meno ya shaba yaingie mpaka kwenye ngozi, na zinataka mkono usioogopa.

"Kesho baada ya misa tunakwenda kuchukua chanuo," nikasema.

"Kambo, huwezi. Ulisigner. Ni mpaka septembre!"

"Niliazima. Sikuuza."

Dimanche tukatoka kanisani moja kwa moja mpaka Laeken, sisi watatu, na mfuko wenye taulo, kopo la mafuta ya mgando, gazeti na chupa ya chai. Mlinzi mlangoni alikuwa mtu wetu wa Likasi, kijana wa miaka hamsini.

"Ba maman, karibuni! Leo ni bure."

"Nimefuata chanuo yangu," nikamwambia.

"Chanuo gani?"

Nikamwonyesha. Lilikuwa limelala ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, kama askofu aliyefariki. Pembeni yake palikuwa na mashine ya kukunja nywele, waya zake nyingi zinaning'inia kama mihogo iliyong'olewa na mizizi yake. Kulikuwa na kofia ya chuma ya kukaushia, na kijiti cha kioo ambacho mabibi wa zamani walijipitishia usoni kikiwaka ili mikunjo iondoke. Mashavu yangu siyatilii umeme. Mjukuu akanisomea maandishi ya chanuo langu: "Lilitumiwa zamani na wanawake wa Afrika ya Kati."

"Zamani?" nikasema. "Noeli nimelitumia."

Mlinzi akaangalia kioo, akaniangalia, akaangalia taulo linalochungulia mfukoni. "Maman, ile iko mu vitrine. Mi nikiitosha, na miye banitosha mu kazi." Kwetu kutosha ni kutoa.

"Ita mwenye ufunguo."

Yule mama akaja, amefurahi kutuona, mpaka nilipomweleza. Akaleta ile karatasi. Aliisoma kwa upole, kidole kwenye mstari: kitu hakitatoka katika jengo hili kabla ya mwisho wa maonyesho.

Nikamwambia mjukuu aisome tena, polepole. Akasoma tena.

"Bon," nikasema. "Hakitoki. Je, imeandikwa kwamba kichwa hakiwezi kuingia?"

"Kichwa gani, madame?"

Yaya akafungua kitambaa chake. "Hiki."

Yule mama aliziangalia nywele zile kwa muda. Akampigia simu mkubwa wake. Dimanche, nani atapokea? Akaisoma karatasi mbele na nyuma. Akaniuliza habari za waya. Nikamwambia waya na kichomeko vilitazamwa na fundi wa Kituruki jirani yetu, mtu asiyesifu kitu, naye alisema viko sawa. Mwisho akasema wageni leo ni wengi, na pengine wangependa kuona chombo kinavyofanya kazi. Akachukua ufunguo.

"Mama huyu ni wa kwetu," yaya akaninong'oneza. "Balimukosea rangi tu."

Kiti kilikuwa kimoja tu, kile kilicho chini ya kofia ya chuma. Yaya akakaa. Nikatandika taulo, nikagawa nywele katikati, nikapima moto kwenye gazeti. Rangi ya chai. Nikaanza upande wa kulia.

Mtu akishikwa kichwa na chanuo la moto hasogei, hacheki, hapigi chafya. Yaya alilijua hilo, akashika sikio lake mwenyewe akalikunja chini. Watu wakajaa. Wazungu, Waturuki, watoto juu ya mabega. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza chanuo linafika digrii ngapi.

"Sogea," nikamwambia, "sikio lako litakuhesabia."

Watu wakacheka. Na mimi, ambaye sina kawaida ya kuchekesha watu, nikaona utamu. Nikaanza kueleza. Nikaeleza ya Mgiriki, ya maharusi, ya mwanamke wa kortini. Upande wa kulia ukaisha, umelala, unang'aa kama ile picha kabisa. Watu wakapiga makofi. Kwa sababu ya makofi nilichota mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, nikayapaka upande wa kushoto, na chanuo nilikuwa nimelisahau kwenye umeme muda wote nilipokuwa naongea.

Nilipoligusisha, yaya akatoa moshi.

Haukuwa moto, ni mafuta tu. Lakini moshi ule mweupe ulipanda wima, na juu kwenye dari kulikuwa na kidude chenye taa nyekundu, nacho kikaanza kulia kama nguruwe wa Noeli.

"Dehors! Dehors! Wote inje!" mlinzi akapaza sauti, na mikono yake imefunguka kama anafukuza kuku.

Tukajikuta barabarani, watu arobaini hivi, na yaya katikati, taulo shingoni, upande mmoja wa kichwa chake ni wa picha na mwingine ni wa Mungu. Gari la wazima moto likaja. Walisema hakuna atakayeingia mpaka wamalize kukagua, na pengine makumbusho hayafunguliwi tena leo. Nikauliza saa. Ilikuwa karibu saa nane. À quinze heures, yaani saa tisa, papa atakuwa mlangoni kwetu.

Ndipo nikaona kwamba chanuo limo mkononi mwangu, waya umechomoka na kuning'inia. Lilikuwa limetoka ndani ya jengo.

Yaya naye akaliona. "Mudogo," akasema chini chini. "Tia mu sac. Twende."

Mlinzi alikuwa karibu, alisikia. Akatugeuzia mgongo. "Ba maman, mi siangalie. Minaangalia tram."

Hakukuwa na tram.

"Nilitia sahihi," nikasema.

"Na miye je?" yaya akasema. "We hauna sahihi na miye?"

Nilisikia neno lile likiniingia. Hata hivyo nikamtafuta yule mama katikati ya watu, nikampa chanuo. Alilipokea kwa mikono mitupu, glavu zilibaki ndani. Alitaka kusema kitu. Nikamwambia aliweke lipoe kwanza.

Msiniulize kama nilifanya vizuri. Mtu aliyesoma madarasa manne hana karatasi nyingi zenye jina lake, kwa hiyo zile alizotia sahihi anazishika.

Kwenye tram yaya alifunga kitambaa chake, akakaa mbali nami, akaniachia mgongo mpaka Schaerbeek. Mjukuu alikaa katikati yetu, anaangalia simu kama mtu anayesali.

Njiani nilijipangia: tutafika, nitalowesha ule upande wa kushoto, nitaubana kwa pini, tutaona. Lakini miaka yangu yote Bruxelles sijapata kuona mtu wetu anayefika kabla ya saa, isipokuwa siku ile. Papa alikuwa amesimama mlangoni, suti ya bluu, na kapenta, wale dagaa wetu wakavu, kilo mbili ndani ya gazeti.

Mjukuu akamwingiza sebuleni. Mimi nikamvuta yaya jikoni.

"Baki na kitambaa," nikamwambia. "Ni kizuri, kinakufaa."

Lilikuwa neno la kwanza kati yetu tangu Laeken, naye akalijibu. "Kitambaa anakiona kila dimanche pa misa. Haikuwa kitambaa njo alisimamia mbele ya photo."

"Basi nikubane upande mmoja kwa pini."

"Hapana."

"Yaya, huwezi kutoka hivyo."

Akakivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya friji. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, kulia, kushoto.

"Achague upande," akasema, akatoka.

Nilimfuata na sahani, maana nilitaka kuona. Papa alisimama kumsalimu, mkono ukabaki hewani. Aliangalia kulia. Aliangalia kushoto. Akaangalia picha ukutani, akarudi kwa yaya. Mjukuu alikuwa amejifunika uso kwa mto wa kiti.

"Maman," papa akasema taratibu, kwa ile sauti ya kutikisa vikombe, akionyesha kulia kisha kushoto, "ile upande ya droite minaijua. Njo ya photo. Ile ya gauche njo ya nani?"

"Ya ule mwenye kupika bukari yenye utakula," yaya akasema. "Kaa."

Akakaa. Alikula ugali ule mara tatu. Alimwuliza yaya imekuwaje, yaya akamsimulia yote, pamoja na moshi na tram isiyokuwepo, na alipofika kwenye "nilitia sahihi" aliniiga sauti, mdomo umebanwa, mpaka papa akapaliwa na kapenta na mimi nikalazimika kumpiga mgongo. Sikucheka. Mtu anapaswa kuwa na kiasi. Lakini sikumpiga kwa nguvu.

Papa alipoondoka, yaya aliinama kwenye beseni la jikoni na kuniita.

"Mudogo. Mimina maji."

Nikammiminia. Mafuta yalikuwa mengi, ilibidi sabuni mara tatu. Hakuna aliyeomba msamaha. Nywele za kulia zilianza kujikunja vidoleni mwangu, moja moja, mpaka pande mbili zikawa sawa.

Dimanche iliyofuata papa alirudi, tena kabla ya saa, tena na kapenta. Yaya mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesimama pande zote, kama ule upande wa kushoto.

"Ah bon," papa akasema. "Naona gauche imeshinda."

"Nani amekuambia ilikuwa mashindano?" yaya akasema, akamnyang'anya samaki.