Mwandishi Aliyetusomea kwa Kijapani

Kila nikichonga penseli, ile harufu ya mbao hunirudisha maktaba ya Tensta, mtaa tuliokuwa tukiishi ughaibuni, nimekaa sakafuni mbele ya mwandishi wa riwaya kutoka Japani. Alikuwa mwanamke mfupi, sweta lake limetoboka kiwikoni. Mama alikuwa amenikokota hadi pale, nami nilinuna njia nzima nikimjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu.

Huku akichonga penseli kwa kisu kidogo, mgeni alitusimulia kwamba alianza kuandika alipokuwa muuza samaki, na mpaka leo huandika kwa penseli. Bwana mmoja akamwomba atusomee kwa Kiingereza. Mkalimani akatutafsiria jibu lake: "Anasema hadithi ilimjia kwa Kijapani."

Basi akasoma kwa Kijapani. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyekohoa. Watu wazima wote walimtazama kama wanaosubiri baraka. Sikujua kwamba lugha ya nyumbani kwa mtu inaweza kufanya hivyo.

Nje theluji ilikuwa ikianguka.

"Una njaa?" mama akaniuliza kwa Kiswahili.

"Sana, mama," nikamjibu kwa Kiswahili. "Twende tukapike ugali."

Akasimama akinitazama, na basi letu likaondoka bila sisi.